Siku Nilipokula Wali wa Pepo

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Sisi wa Changamwe mwaka ule hatuutaji kwa namba, twautaja kwa tumbo: mahindi meupe yalikuwa yametokomea, muhogo umekauka ardhini kama kuni, na mchele, ambao ndio chakula cha Jumapili cha mtu anayejiheshimu, ulikuwa umekwenda vitani pamoja na wanaume, basi tukawa twala sima ya mahindi ya kigeni yaliyoletwa kwa meli, njano kama kiini cha yai, yanuka gunia, ukiila asubuhi hata jioni bado imekukalia kifuani kama mgeni asiyeaga. Nayasema haya mapema ili atakayenicheka anicheke akijua nilikuwa na njaa gani. Maana aibu niliyoipata mwaka ule si ya mtu kama mimi, niliyezaa nikalea nikazika, niliyeongoza akina mama wa kanisa mpaka magoti yakakataa, na nikipita Magongo hata leo vijana huinuka kwenye viti vyao wakasema shikamoo bibi. Lakini wajukuu zangu kila wakikutana wanaisimulia, tena wanaisimulia vibaya, mara nilipanda mti, mara nilimng'ata Mhindi. Sikumng'ata mtu. Nilikula wali tu. Basi sikilizeni kwa mwenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa kigoli hasa, Rebeka jina la ubatizo, Kadzo jina la nyumbani, nimefiwa na baba, naishi na mama yangu karibu na stesheni. Mama yangu alikuwa mkuu wa akina mama wa kanisa, gauni jeupe, kitambaa cheupe, mgongo umenyooka kama mlingoti, na katika nyumba yake ngoma ilikuwa haitajwi hata kwa jina, sembuse mambo ya mapepo (sisi asili yetu Rabai, na Rabai mapepo yalikuwa mengi kuliko kuku, lakini mama alisema hayo tuliyaacha kwenye maji ya ubatizo, na aliyeyaacha asigeuke nyuma).

Na nilikuwa nimechumbiwa, au tuseme nusu kuchumbiwa. Kijana aliitwa Josefu, mtia makaa kwenye gari la moshi, mweusi kwa masizi na mwenyewe pia, meno meupe, akicheka waona gari linawasha taa. Mimi nilimtaka. Sifichi, nimeshazeeka, nimfiche nani? Lakini Josefu alikuwa yatima, kalelewa na shangazi yake huko Rabai, Shangazi Mbodze, na neno la shangazi huyo ndilo lililokuwa neno: akisema ndiyo ni ndiyo, akisema la, hata kama moyo wako na wake imekwisha kukubaliana, ni la. Mimi sikuwa nimemwona hata siku moja. Tulipelekewa habari tu kwamba atakuja kunitazama, siku haisemwi, maana kwa desturi yetu mtazamaji haji kwa miadi, huja ghafla akukute ulivyo, ukiwa na ufagio mkononi heri yako, ukiwa umelala mchana shauri yako. Mama yangu akawa ameficha mchele, vibaba viwili vitatu hivi, ndani ya mto wa kulalia (nao mto nilikuwa naulalia mimi, nausikia ukiniita usiku kucha), na akaniapiza kwamba mchele ule ni wa kumpikia shangazi siku atakapokuja, na atakayeugusa kabla ya siku hiyo asimwite yeye mama.

Sasa, kazi yangu ilikuwa kwa Bi Kanta, mke wa mfanyabiashara wa magunia, Mhindi, mama mnene mwenye roho nzuri na magoti mabaya. Mwaka huo akaja guru, mwalimu wao wa mambo ya kiroho. Alikuwa ametoka kwao Bara Hindi kabla meli hazijawa shida, na vita vilipokaza akawa hana njia ya kurudi, basi matajiri wakampokezana, leo kwa huyu kesho kwa yule, mpaka akafikia shamba la mume wa Bi Kanta, pale kwenye mteremko wa kwenda kidimbwini, chini ya mikanju. Wakamjengea banda la makuti lisilo na kuta. Wakaanza kuja watu na mikeka yao, wake kwa waume, kutoka kisiwani, wanakaa pale siku kadhaa, wamekunja miguu, wamefumba macho, hawasemi, wanavuta pumzi. Basi! Hiyo ndiyo kazi. Watu wa Changamwe wakampa jina, Mzee wa Pumzi, na walikuwa wakipita njiani wanacheka, wanasema Wahindi sasa wamekosa cha kununua wananunua hewa.

Mimi nilikwenda kubeba mto wa magoti ya Bi Kanta. Nikauweka, nikageuka kuondoka, na hapo upepo ukanigeukia na harufu. Wali! Wali wa pojo, umetiwa samli, umefunikwa unajipika kwa moshi wake mwenyewe. Wallahi (ndiyo, mimi Mkristo, lakini kuna mambo ambayo Mkristo hana neno lake), miguu ilikwenda jikoni yenyewe. Kule kulikuwa na mpishi, Juma, mtu wa Kisauni, ametota jasho.

"Juma kaka yangu," nikamwambia, "ukoko mtautupa wapi?"

"Hautupwi."

"Basi waula nani?"

"Wanaokaa ndio wanaokula. Atakayesema neno au kufumbua jicho kabla ya kengele hali. Mimi mwenyewe mpishi sili, kwa kuwa sijakaa. Wewe umekaa?"

Hapo ndipo nilipojichongea. Jambo dogo hivi, kama kuokota sindano. Nilirudi kwa Bi Kanta nikamwambia nami nataka kukaa.

Wale mabibi wa kisiwani wakanong'ona, mmoja akavuta nguo yake nisiikanyage. Guru akauliza kuna nini, akaambiwa, akanitazama (alikuwa mzee mwembamba, ndevu hadi kifuani, macho ya mtoto), akasema neno, na Bi Kanta akanifasiria: pumzi haina kabila, akae. Wakakubali kwa mdomo. Kwa mkono wakaubeba mkeka niliopewa mpaka ukingoni kabisa, nje ya nguzo ya mwisho, hatua chache tu kutoka njia ya watu wa miguu, nikawa nimekaa pale peke yangu kama ng'ombe aliyefungwa mbali na wenzake. Sikujali, nilijua kengele huku inasikika vilevile.

Bi Kanta kwa upendo wake akanifunika mabegani shuka la rangi ya machungwa kama la wenzangu, akanipaka kitone cheupe kwenye paji la uso, akaweka chetezo cha ubani mbele yangu. Akanionyesha: kunja miguu hivi, ziba tundu la pua kwa kidole gumba, vuta kwa upande wa pili, shikilia, toa. Nikawa navuta na kutoa kama mivuo ya mhunzi. Haya nyinyi mliokulia pwani, hebu nitazameni kwa akili yenu: msichana mweusi, shuka la rangi, kitone usoni, moshi wa ubani, macho yamefumbwa, anapumua kwa kishindo, kichwa kinamyumba kwa njaa. Mnaona nini? Lakini mimi sikujiona. Mtu aliyefumba macho hajioni, hilo ndilo baya lake.

Nimekaa weee, jua limepanda, nikasikia nyayo njiani, na sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Banda zima limejaa watu, kimya.

"Hodi! Ala, mji mzima umelala?"

Nyayo zikaja kwangu. Nadhani aliona mimi ndiye wa rangi yake. Nikasikia harufu ya tumbaku ya kunusa.

"Mwanangu, hujambo?"

Jamani. Nililelewa nikiamkia hata mbuzi wa mtu mzima. Shikamoo ilinipanda mpaka kooni, ikafika kwenye ulimi, nikaukumbuka wali, nikaimeza. Akanisalimu tena: nimeamkaje, na wa nyumbani wameamkaje, na wazee je. Nikaendelea kupumua. Mara ya tatu akanisalimu polepole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina watu. Nikasema kimoyomoyo mama huyu si uende zako, utaninyima chakula.

Nikasikia bangili zikilia, magoti yakialika, anakaa chini mbele yangu. Akavuta pua, anaunusa ubani. Na aliposema tena sauti ilikuwa nyingine, ya taratibu, ya heshima, tena hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na mtu aliye nyuma ya paji langu la uso.

"Wewe uliyempanda mtoto huyu. Basi nakusalimu wewe."

Hakuna mtoto wa Rabai asiyeyajua maneno yale, hata aliyezaliwa ndani ya kanisa. Bibi huyu ameniona mimi ni kiti! Anadhani nina pepo kichwani!

"Si pepo la kwetu wewe," akaendelea, "la kwetu lingejibu salamu. Wewe wa Kihindi. Haya, mpandaji hana kosa akisema haja yake. Wataka nini?"

Na huko jikoni, saa hiyohiyo, Juma (Mungu amsamehe, ameshakufa) akafunua sufuria. Ile harufu ikaja ikanishika taya zote mbili. Mdomo wangu ukafunguka bila ruhusa yangu, ikatoka sauti nzito ya mtu ambaye hajala.

"Wali."

"Wali tu?"

Hapa ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza.

"Na samli."

"Taib. Usimtese mtoto wa watu, naja," akasema, akainuka, nyayo zikaenda zake mbiombio. Mimi nikajipongeza, nikasema aa, nimemwondoa kwa ujanja, na Juma hakusikia, na jicho sijafumbua. Nikaendelea kuziba pua.

Yaliyofuata huko mjini nimehadithiwa baadaye, na kila nikihadithiwa nashtuka upya. Yule bibi alikwenda moja kwa moja akaulizia nyumba ya Mama Rebeka. Ndiye Shangazi Mbodze. Alipopita kwenye banda la Wahindi alikuwa anatafuta wa kumwelekeza njia ya kwetu! Akamkuta mama anapeta, akajitambulisha, na kabla hajapewa hata maji akasema, "Mama Rebeka, mengine yatangoja. Kuna binti maskini kule kwa Wahindi, amepandwa na pepo, yuko peke yake hana hata ndugu wa kumshika kichwa. Lataka wali na samli. Mtu hupiti ukamwacha kiti peke yake, ni aibu ya mji mzima."

Mama yangu angefanyaje? Mambo ya pepo hayataki, lakini shangazi wa Josefu ndiye kasimama mlangoni kwake, kaomba wali. Akisema hana, kesho mchele wa kumpikia mgeni huyuhuyu atasema umetoka wapi? Akasema yeye ni mtu wa kanisa, hapungi, lakini mwenye njaa hulishwa, na akaenda akapasua mto wangu wa kulalia. Majirani nao, kila mmoja akaenda alikoficha, huyu chini ya kitanda, huyu ndani ya kibuyu cha mbegu, kila mtu ngumi moja ya mchele, samli ikapatikana ya dawa ya kifua cha mtoto, ukapikwa chungu kimoja, ukapakuliwa kwenye ungo. Na shangazi akauliza nani ana kayamba la kupungia pepo, mwenye kayamba akatokea (Changamwe nzima ya wakristo, kayamba likatokea nyumba ya pili!), wakashika njia. Mama akafuatana nao, asema kwa ajili ya kuomba.

Mimi huku kengele haijalia, maana guru alikuwa amezama katika pumzi yake hajui kumekucha au kumekuchwa. Nikasikia kayamba kwa mbali, shaka-shaka, shaka-shaka, nikasema moyoni leo nani kapandwa Changamwe mchana huu? Likakaribia. Nikasikia nyimbo, nyayo za watu wengi, nikasikia vumbi puani, likaja likasimama mbele yangu mimi, na halafu nikasikia sauti ambayo nimeijua tangu tumboni ikiuliza:

"Kiko wapi hicho kiti chenyewe?"

Nikafumbua macho. Mama yangu. Gauni jeupe, kitambaa cheupe, na ungo wa wali kichwani.

"Rebeka!"

"Rebeka gani?" akauliza yule bibi.

"Mwanangu! Huyu ni Rebeka mwanangu!"

"Rebeka huyuhuyu wa Josefu wangu?"

Nikamtazama yule bibi, nikamtazama mama, nikaitazama ile tumbaku mkononi mwake, nikajua. Mama akautua ungo chini kabla haujamwanguka. Nikataka kuinuka nikimbie, nisimame nieleze, nimshike shangazi miguu niseme shikamoo zote tatu nilizomnyima, lakini miguu yangu, niliyoikunja tangu asubuhi, ilikuwa imekufa ganzi, si yangu tena, nikainuka nusu tu nikaanguka kifudifudi, uso mzima ndani ya ungo wa wali.

Nikala.

Nisiwadanganye. Nilikuwa nimeanguka, watu wanaona, mama yangu anaona, shangazi wa mchumba wangu anaona, na mimi mdomo ulipogusa wali ulikula. Nilikula bila mikono. Nilikula wali wa posa yangu mwenyewe, uliolala chini ya sikio langu miezi yote ile, nao ulikuwa mtamu nyinyi acheni tu. Wanawake wakapiga vigelegele, "Limepokea! Limepokea!" na kayamba likapamba moto. Mabibi wa kisiwani wakafumbua macho, mmoja akapiga ukelele akidhani ni fujo za mji, mwingine akamkimbilia mumewe na mkeka ungali umemganda. Na mimi nilipoinua kichwa kuvuta pumzi, punje za wali kwenye kope, nikaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona kwa kuwa wote walikuwa wananitazama mimi. Bega la mama yangu. La kushoto. Lilikuwa linapanda na kushuka, shaka-shaka, pamoja na kayamba, lenyewe, na uso wa mama haupo pale, umekwenda mbali.

Kumbe! Mkuu wa akina mama! Hayo maji ya ubatizo hayakufika begani!

Kayamba liliponyamaza likatulia nalo. Guru akaja, wakampisha, akanichutamia, akasema maneno mengi na Bi Kanta akafasiri huku analia: kwamba pumzi ya wote pale imekwenda na kurudi mikono mitupu, yangu mimi imeniangusha, kwa hiyo kuna mlango umefunguka, nisiondoke, nifumbe macho tena nikae mpaka mwezi uandame. Shangazi Mbodze akasema hapana, pepo limekula lakini halijataja jina, na pepo lisilo na jina haliingii katika ukoo wake, fumba macho mwanangu lijitaje, ama sivyo posa hakuna. Na nyuma ya watu akatokea Mwalimu Samsoni wa kanisa, kalifuata kayamba mbio, anahema, kaninyooshea kidole: "Rebeka! Piga magoti, fumba macho, utubu hapahapa mbele ya ulimwengu!"

Wote watatu kwa pamoja. Fumba macho. Fumba macho. Fumba macho. Guru anajua nini kilichomo ndani yangu, shangazi anajua, mwalimu anajua, na mimi mwenye ndani yangu hakuna aliyeniuliza. Na Josefu wangu alikuwa anakwenda hivyo, naona kabisa anakwenda, nikisema ndiyo anabaki, nikisema la hayuko. Nikapangusa wali usoni. Nikasimama, mguu mmoja bado unatambaa sisimizi.

"Sifumbi," nikasema. "Macho yangu nitayafumba siku ya kufa, na hata siku hiyo nitaanza na moja."

Nikashika njia ya nyumbani. Mama alinifuata kimya mpaka tulipofika reli, ndipo akaanza: Jumapili nitasimama mbele ya kanisa, nitavuliwa kitambaa, nitakaa benchi la nyuma, nimemvua nguo mjini, mume ndiye huyo nimemtupa kwa wali.

"Mama," nikasema, "bega lako nililiona."

"Bega gani?"

"La kushoto."

Alisimama kidogo katikati ya reli. Akarekebisha kitambaa chake. "Tembea," akasema, "gari litatugonga." Na habari za benchi la nyuma sikuzisikia tena mpaka anaingia kaburini.

Lakini Josefu je? Usiku huo sikulala, na mto sikuwa nao. Asubuhi nafagia uwanja, nikaona anakuja Shangazi Mbodze (alilala kwa jamaa yake Mikindani), na nyuma yake, mbali kidogo, Josefu mwenyewe, katoka zamu na masizi yake, uso hauna hata jino moja. Shangazi hakubisha hodi. Akatandika kanga yake mlangoni petu, akakaa, akafumba macho.

Nikatupa ufagio. "Shikamoo shangazi."

Kimya.

"Shikamoo shangazi. Mwaamkaje? Na wa Rabai wameamkaje?"

Anapumua. Mungu wangu, akainua kidole gumba akaziba tundu moja la pua! Majirani wakaanza kutokeza vichwa. Nikamsalimu mara ya tatu, machozi yananilenga, Josefu kule anatazama viatu vyake. Nikakaa chini mbele yake kama alivyokaa mbele yangu.

"Shangazi, wataka nini?"

"Wali."

"Wali tu?"

"Na samli."

Ndani ya nyumba mama ananong'ona mpaka anakohoa: "Mwambie uko jikoni! Mwambie waiva! Tutaazima!" Na mimi nilijua pa kuupata. Kwa guru pale, nikikaa tena, nikifumba tena, sahani moja ya wali na samli nailetea posa yangu kabla ya adhuhuri. Nilimtazama Josefu, nikautazama ule mteremko, moshi wa jiko la Juma ulikuwa umeshaanza kupanda. Ulikuwa karibu sana.

"Wali hakuna, shangazi," nikasema. "Uliokuwa wako nimeula jana, mmeniona wote. Samli ndiyo kabisa. Kuna sima ya njano na mchicha, nao mchicha una mchanga."

Shangazi Mbodze akafumbua jicho. Moja. La pili likabaki limefumbwa. Akanitazama kwa hilo moja muda mrefu, halafu akageuza shingo kumtafuta Josefu.

"Mimi nimepunga mapepo tangu mama yako hajaota meno," akamwambia. "Pepo ukiliuliza halisemi hakuna. Pepo huahidi, leo hili kesho lile, ndivyo linavyokula watu. Huyu hana pepo." Akafumbua la pili. "Huyu ana njaa. Lete hiyo sima."

Alikula yote, na mchanga wake. Josefu alicheka mpaka majirani wakaona gari limewasha taa, na tulioana msimu uliofuata, na wakati mwalimu anasema na tufumbe macho tuombe, watu wawili tu kanisani walikuwa wamefumbua, mimi na shangazi, tukatazamana. Lakini lile la salamu hakunisamehe. Mpaka uzee wake, kila akifika kwangu, hukaa mlangoni akafumba macho, na mimi nikiwa nimeshika mtoto au chungu cha moto lazima nimsalimu mara tatu ndipo aseme marahaba.

Sasa Jumapili iliyopita kaja mjukuu wangu Nyevu, akaaye Kiembeni, kabeba kijamvi cha mpira amekikunja kwapani. Anasema, bibi, kuna mwalimu amekuja kutoka Bara Hindi, yuko huku ufuoni, watu watakaa naye kimya siku kadhaa, wanavuta pumzi tu, magoti yako yatapona, nimeshakuandikisha, huna la kufanya ila kufumba macho.

"Na chakula?" nikamuuliza.

"Matunda, bibi. Na majani majani."

Hata wali hawana! Nikamwambia akikunje hicho kijamvi chake vizuri, na anisikilize, kwa kuwa maneno haya nilikwisha kuyasema mbele ya watu wakubwa kuliko mwalimu wake, na sina mengine:

"Sifumbi. Macho yangu nitayafumba siku ya kufa, na hata siku hiyo nitaanza na moja."